Namba Mbili

Mchanga wa Isevya hauna adabu.
Unameza tairi hadi kwenye ekseli,
unaniacha katikati ya njia
kama kiti kilichosahauliwa msibani
watu walipokwisha tawanyika.

Nilikuwa namba mbili.
Wasioijua raga huuliza, ndiye nani huyo?
Ni yule wa katikati, mstari wa mbele,
mikono yake yote imekumbatia wenzake,
hana wa kujikingia.
Kushoto Luhende, kulia Mpandachalo,
watatu sisi tulikuwa mlango mmoja.

Mpira wa yai ulikuja na mwalimu wa jiografia.
Uwanja aliupima kwa hatua zake,
milingoti ya goli akaikata mwenyewe porini;
mmoja ulikuwa na uwazi ndani, nyuki wakahamia,
nasi upande ule tukacheza kwa heshima.

Kisha Oktoba, ardhi ngumu kama kigae.
Skramu ikaanguka.
Sikusikia maumivu. Nilisikia
muhogo mkavu ukivunjwa, jikoni kwa mtu mwingine,
halafu nyasi mdomoni, halafu Luhende:
Mihayo. Mihayo. Mihayo.
Niliuona mguu umelala pale
nikajiuliza ni wa nani.

Dari ya wodi Kitete ina mbao arobaini na moja.
Nilihesabu tena. Arobaini na moja.

Nyumbani, kila baada ya saa mbili, usiku kucha,
mama alinigeuza.
"Michembe isiyogeuzwa," alisema,
"huoza upande mmoja."
Tulicheka, kisha akaenda kulia uani
akidhani masikio nayo yamevunjika.

Machi vidole vitatu vya kulia vilirudi,
kimoja kimoja, kama wageni waliochelewa
wasiotaka kueleza walikokuwa.
Miguu haikurudi. Niliacha kuisubiri
siku ambayo siikumbuki,
labda ilikuwa Jumanne, labda nilikuwa nakula.

Sasa chama cha warina asali kinanilipa.
Wananiletea kijiko, nafumba macho:
hii ya mtundu, hii ya muva,
hii, ndugu yangu, umeitia sukari ya dukani.
Hawanibishii.
Ulimi haukuwamo kwenye skramu.

Lakini ulimi huohuo
miaka miwili umekaa na uongo
wala haukuutema.

Luhende huja kila Jumamosi kunisukuma.
Tangu siku ile hajavaa njumu.
Posa ya kwao Ipuli ameiacha ikapoa.
"Mguu wangu uliteleza," humwambia kila anayeuliza,
hata asiyeuliza.
Nami hukaa mbele yake, kisogo kimemwelekea,
nikinyamaza.

Jumamosi iliyopita tulinasa, hapahapa,
magurudumu yote mawili.
Alikuwa anahema. Nikasema bila kugeuka,
maana siwezi kugeuka:
Hukuteleza, Luhende.
Mwalimu alituambia mara mia,
tazameni mbele, shingo hufuata macho.
Nilitazama chini.
Nilitaka kuuona mpira ukiingia.

Kimya.
Alivua kiatu, akakung'uta mchanga,
akavua cha pili.
Kisha nikasikia nyayo zake zikienda.

Aliniacha pale. Sitamlaumu.
Jua lilishuka hadi usawa wa bati,
mtoto mwenye ndoo akanisalimu mara mbili,
kuku akajikwatua chini ya kiti changu,
na stesheni treni ilipiga honi
kwa ajili ya watu wengine.

Alirudi na mbao mbili begani.
Macho yake mekundu; sikuuliza.
"Za mama Nyanzobe," alisema.
"Anazitaka kabla ya giza."
Akazilaza mbele ya magurudumu,
akasukuma, kwa hasira kidogo,
urefu wa mbao ukaisha,
akaziokota nyuma, akazilaza tena mbele.

Hivyo ndivyo tulivyofika.